Njia ya Miguu hadi Daraja la Kamukuywa

Barabara kuu ya A1, inayoanzia Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, ikapita Kisumu na Kakamega, kisha ikapanda kupitia Webuye na Kitale kuelekea Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini, huvuka mito mingi midogo inayoteremka kutoka Mlima Elgon. Mmojawapo ni mto Kamukuywa, ambao jina lake ndilo pia jina la soko na la wadi katika eneo bunge la Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Msafiri wa matatu anayetoka Webuye kwenda Kitale, mwendo wa takribani kilomita 60, hulivuka daraja la mto huo kwa sekunde chache tu, na asipokuwa mwenyeji huenda asijue kwamba amelivuka. Sura hii inaeleza namna nyingine ya kulifikia daraja hilo hilo: kwa miguu, kupitia vijia vya mashambani, kwa kufuata mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa unaoitwa jiokeshingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mchezo huo, ukipangwa kwa adabu, unaweza kumfikisha mtu taratibu mahali ambapo watu wengi wamekufa kwa sababu ya mwendo wa kasi, na kwamba kasha lenyewe halipaswi kabisa kufichwa darajani.

Jiokeshingi ni mchezo ambao mtu huficha kasha lisiloingiza maji mahali fulani nje, akapima majiranukta ya mahali hapo, yaani jozi ya namba zinazoonyesha latitudo na longitudo, kisha akayatangaza kwenye intaneti ili mtu yeyote mwenye kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti, ambacho siku hizi huwa ni simu ya kawaida, aende akalitafute. Ndani ya kasha hamna mali ya kumtajirisha mtu. Huwa mna daftari na penseli, na pengine vitu vidogo kama sarafu ya kigeni au gari la kuchezea. Anayelipata huandika jina lake na tarehe, akichukua kitu huacha kingine chenye thamani sawa au zaidi, halafu hulirudisha kasha pale pale alipolikuta. Desturi ya kuacha alama porini ili mwingine aifuate ni ya zamani kuliko setilaiti, kwa maana mwaka 1854 mwongoza wageni James Perrott aliweka chupa kwenye bwawa la Cranmere, katika nyika za Dartmoor huko Uingereza, ili wageni waliofika huko waache kadi zao ndani yake.

Mchezo wenyewe una tarehe ya kuzaliwa inayojulikana. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza kuondolewa kwa upotoshaji wa makusudi uliokuwa umewekwa kwenye mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kosa la vipimo, ambalo liliweza kufikia mita 100, likashuka ghafla hadi chini ya mita 20 hivi. Siku mbili baadaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ikiwa na vitabu, programu za kompyuta, chakula na manati, akayatangaza majiranukta yake kwenye intaneti. Katika muda wa siku chache ndoo hiyo ilikuwa imeshapatikana. Kabla ya mwezi huo kuisha mchezo ulikuwa umepewa jina, na Septemba mwaka huo huo tovuti maalumu ya kuorodhesha makasha ilifunguliwa.

Nyuma ya furaha hiyo kuna msiba ambao haustahili kusahauliwa, hasa katika sura inayohusu vifo vya wasafiri. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007 iliyotoka New York kwenda Seoul kupitia Anchorage, ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Muungano wa Kisovieti, ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwemo wakafa. Katika mwezi huo huo serikali ya Rais Ronald Reagan iliahidi kwamba mfumo wa GPS, uliokuwa bado unajengwa kwa matumizi ya kijeshi, ungeruhusiwa kutumiwa na raia bila malipo mara utakapokamilika, ili chombo cha abiria kisipotee tena namna ile. Kila mtu anayefuata mshale kwenye simu yake, awe anatafuta kasha au hoteli, ananufaika na ahadi iliyotolewa baada ya wasafiri kufa njiani.

Namna mfumo huo unavyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoamua mtembezi afike penye mti uliokusudiwa au penye uga wa mtu mwingine. Setilaiti zisizopungua 24 huizunguka dunia zikiwa umbali wa karibu kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kila moja hutangaza mfululizo saa yake na mahali ilipo. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri na kuugeuza kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali, lakini ya nne huhitajika ili kusahihisha saa ya simu yenyewe, ambayo si sahihi kiasi hicho. Usahihi huo si anasa, kwani mawimbi husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, na saa inayokosea kwa kiasi hicho kidogo humpeleka mtu ng'ambo ya bonde.

Kamukuywa iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, na jambo hilo lina faida na hasara zake. Faida ni kwamba hesabu ni rahisi: karibu na ikweta dakika moja ya latitudo na dakika moja ya longitudo zote huwa karibu kilomita 1.85, kwa hiyo sehemu moja ya elfu ya dakika, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho katika maandishi ya wacheza jiokeshingi, ni chini kidogo ya mita mbili upande wowote. Huko Oslo dakika ya longitudo hupungua hadi karibu nusu ya hapo. Hasara ni kwamba tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huvurugika zaidi katika maeneo ya ikweta, hasa saa chache baada ya jua kutua na hasa katika miezi ya Machi na Septemba, na mawimbi ya setilaiti huyumba yanapolipita. Kwa hiyo anayepima mahali pa kuweka kasha huko Bungoma afanye hivyo mchana, arudie vipimo siku nyingine, kisha atafute wastani.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu makini. Ramani za karatasi za Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado ni hazina kubwa kwa mtu anayetaka kujua vijito na vijia vya zamani, zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi mwingine uitwao WGS84. Namba zile zile zikisomwa kwa misingi hiyo miwili huangukia mahali pawili palipotengana kwa karibu mita 300, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ikiwa upande wa kaskazini na kusini. Katika nchi ambako shamba la familia mara nyingi halifiki ekari tatu, mita 300 ni mashamba kadhaa, na mtu aliyechukua majiranukta kwenye ramani ya karatasi bila kuyageuza atajikuta anafukua chini ya ua wa mtu asiyemjua.

Njia inayopendekezwa hapa inaanzia mjini Kimilili na kuelekea mashariki, kilomita chache tu, ikiacha barabara ya magari mapema iwezekanavyo. Nchi hii ina uzito wa historia usiolingana na utulivu wake. Elijah Masinde, aliyewahi kuchezea timu ya soka ya Kenya kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa dhidi ya ukoloni, alitoka katika eneo hili. Masinde Muliro alizaliwa Matili, si mbali na hapo. Na Michael Kijana Wamalwa, aliyefariki London tarehe 23 Agosti 2003 akiwa Makamu wa Rais, alizaliwa Sosio, karibu na Kimilili. Mwandalizi wa mchezo anaweza kuifanya kila hatua iwe swali kuhusu mambo kama hayo, lakini ingekuwa kosa kuigeuza njia hii kuwa orodha ya wakubwa, kwa sababu kinachomgusa mtembezi kwanza ni mashamba yenyewe.

Mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na ifikapo Julai yameshampita mtu kimo. Wakati huo kijia kinachopita kati ya mashamba mawili huwa kama ushoroba wa majani, upana wake ukitosha mtu mmoja na jembe lake, na asiyezoea hupoteza kabisa mwelekeo wa Mlima Elgon ambao asubuhi ulionekana wazi. Simu humwambia kwamba kasha liko umbali wa mita 40, kisha 15, kisha 6, halafu mshale huanza kuchezacheza, ukielekeza mbele, ukielekeza nyuma, kwa sababu umbali uliobaki ni mdogo kuliko kosa la kifaa. Hapo mtafutaji mzoefu huiweka simu mfukoni. Husimama, akatazama kitu kisichofanana na vilivyo kando yake: mawe matatu yaliyopangana wakati mengine yametawanyika, kipande cha gome kilichoegemezwa kwenye shina la mkaratusi hali mkaratusi huo haujabambuka, majani makavu yaliyorundikana upande ambao upepo hauyapeleki. Mvua ya alasiri, ambayo katika nyanda hizi hunyesha kwa kishindo, inaweza kuufanya udongo mwekundu unate kwenye viatu mpaka mguu uwe mzito maradufu, na ndiyo maana matembezi haya hufaa kuanza asubuhi mapema na kwisha kabla ya saa nane.

Suala la ruhusa ni zito kuliko la vipimo. Vijia vingi vya Bungoma hupita kwenye ardhi ya watu, na hutumiwa kwa heshima ya ujirani tu. Mgeni anayeinama kwenye ua wa watu na kupapasa chini ya mawe huzua wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu. Kwa hiyo kabla ya kasha lolote kuwekwa, mwandalizi hana budi kuzungumza na mwenye shamba, kisha na mzee wa kijiji na naibu wa chifu, awaonyeshe kasha likiwa wazi na kuwaeleza ni nani watakuja na kufanya nini. Kuna mahali ambapo hata ruhusa haitoshi. Katika boma la Wabukusu, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, huenda kukawa na namwima, kibanda kidogo kinachohusishwa na mizimu ya ukoo, na katika maboma karibu yote kuna makaburi, kwa maana watu wa nchi hii huzikwa nyumbani, kando ya migomba na mahindi, kwenye ardhi ile ile wanayoilima wanao. Sehemu hizo si za mchezo.

Desturi hiyo ya kuzika nyumbani ndiyo inayoeleza kwa nini daraja lina maana ya pekee. Kamukuywa imejulikana kwa miaka mingi kuwa sehemu hatari kwa ajali. Malori mazito yanayotoka Kitale na Turkana, matatu zinazokimbizana na muda na trekta zinazovuta matrela ya miwa, mara nyingi gizani, hukutana kwenye mteremko unaoshukia mtoni, na gari lililoharibika breki halina pa kukimbilia. Mnamo Desemba 2017 ajali moja iliyohusisha magari kadhaa iliwaua hapo watu zaidi ya kumi. Huo haukuwa msiba wa kwanza mahali hapo, na nchi nzima ina madaraja ya namna hiyo: tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, katika barabara ya kutoka Meru kwenda Nairobi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa zaidi kati yao ni watembea kwa miguu.

Watu wanaokufa pamoja katika ajali kama hizo hawazikwi pamoja. Mmoja hupelekwa kwao Lodwar, mwingine Kiminini, mwingine Webuye au Kakamega, na kila familia huomboleza peke yake mbele ya kaburi lake. Mahali pekee ambapo watu hao wote walikuwa pamoja ni pale darajani. Ikiwa patatafutwa nukta moja duniani yenye haki ya kuitwa kumbukumbu yao wote, itakuwa pale, hata kama hakuna mtu aliyewahi kulizindua daraja hilo kwa niaba yao.

Ni vyema kulilinganisha na daraja jingine lililo upande wa pili wa Kitale. Kwenye barabara ya kwenda Eldoret, mto Nzoia unapovukwa, kuna mji ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao baada ya uhuru ulipewa jina la Daniel arap Moi, ukawa Moi's Bridge. Majina yamebadilika pamoja na utawala, lakini kanuni haikubadilika: daraja humwadhimisha mtu mwenye mamlaka. Maji yanayopita chini ya daraja hilo na yale ya Kamukuywa hatimaye huwa mto mmoja, Nzoia, ambao huteremka kwenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, ukapita Mumias, na kuingia Ziwa Viktoria huko Budalangi. Mto ni mmoja, ila daraja moja lina jina la rais, na jingine lina wafu ambao msafiri wa kawaida hawezi kumtaja hata mmoja wao.

Wabukusu wenyewe wana sanaa ya kukumbuka ambayo hufanywa kwa kutembea. Mzee aliyeheshimika anapozikwa, siku chache baada ya maziko msemaji maalumu husimama mbele ya umati na kutoa hotuba ndefu iitwayo kumuse, inayosimulia asili ya jamii, vita vyake, koo zake na mawaidha kwa walio hai. Naye hasimami mahali pamoja, bali hupita huku na huku katika uwanja ulioachwa wazi, fimbo mkononi, akisema kwa mwendo wa hatua zake. Manguliechi alikuwa miongoni mwa wasemaji mashuhuri zaidi wa sanaa hiyo. Lakini kumuse kwa kawaida ni ya mzee aliyekamilisha maisha. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akirudi nyumbani kwa sikukuu hapewi, na utingo aliyefia mbali na kwao hapewi. Hivyo watu wa darajani wamekosa vyote viwili: bango la wakubwa na hotuba ya wazee. Kuwafikia kwa miguu, polepole, baada ya kupita maboma ya watu wanaoishi, ni heshima ndogo, lakini ni heshima ambayo abiria wa kawaida hawezi kuitoa akiwa ndani ya gari.

Kwa nini, basi, kasha lisiwekwe darajani? Sababu ya kwanza ni usalama wa mtafutaji, kwa kuwa mtu anayeinamia ukingo wa daraja huku macho yake yakiwa kwenye simu, mahali ambapo magari yameua wengi kiasi hicho, anaalika msiba mwingine. Ya pili ni hofu ya umma: Kenya imepata mashambulizi ya kigaidi ya kutosha, na kifurushi kisicho na mwenyewe chini ya daraja la barabara kuu kitaripotiwa polisi, na itakuwa sawa kabisa kuripotiwa. Kanuni za mchezo zenyewe huyakataa madaraja makubwa, reli na mabwawa kwa sababu hiyo hiyo, tena hukataza kuzika kasha na hutaka makasha yaachane kwa mita 161 angalau. Sababu ya tatu, ambayo kanuni haziitaji, ni kwamba kupekuapekua mahali watu walipofia ili kupata kikopo cha plastiki ni utovu wa adabu, na hakuna maelezo yatakayoufanya uwe kitu kingine.

Ufumbuzi ni kasha la hatua nyingi, yaani mchezo ambao majiranukta ya mwisho hayatolewi moja kwa moja bali hukusanywa kidogo kidogo njiani. Daraja liwe hatua ya kutazama. Mtembezi hufika kwenye kijia cha kando ya mto, mbali na lami, akasimama mahali ambapo daraja zima linaonekana, na kujibu maswali ambayo majibu yake yapo mbele ya macho yake tu: maji yanaelekea upande gani, matundu ya kupitishia maji ni mangapi, alama ya mafuriko ya mwisho imefika wapi kwenye ukuta. Majibu hayo, yakigeuzwa kuwa tarakimu na kuingizwa katika nafasi zilizoachwa wazi za majiranukta, humpeleka kwenye kasha lililo upande wa juu wa mto, nje ya ukanda wa ulinzi wa kingo za mito, ambao taratibu za mazingira za Kenya huuweka kati ya mita 6 na mita 30, katika shamba la mtu aliyekubali. Anayesoma idadi ya matundu hawezi kufanya hivyo akiwa anakimbia, na katika dakika hizo za kuhesabu atasikia breki za malori yakiteremka.

Utunzaji wa kasha ndio mtihani wa mwisho. Wasimamizi wa mchezo hawaruhusu mtalii aweke kasha kisha arudi kwao, bali hutaka pawepo mtu wa karibu atakayelitembelea, abadilishe daftari lililolowa, na kuliondoa likianza kuleta usumbufu. Kwa Kamukuywa mlezi anayefaa zaidi ni klabu ya wanafunzi wa shule ya jirani, kwa sababu watoto hao hupita njia hiyo kila siku na wanajua ni lini mahindi yamevunwa na kijia kimehama. Daftari likijaa lisitupwe, maana majina na tarehe zilizomo ni rekodi ya watu waliokuja pale kwa hiari yao wenyewe, na shule inaweza kulihifadhi pamoja na maandishi mafupi ambayo wageni huombwa kuyaacha kuhusu mtu waliyempoteza barabarani, wakipenda. Barabara ikipanuliwa, au daraja likijengwa upya, maswali ya hatua ya darajani yatakuwa yameharibika yote, na mapya yatatungwa na watu wanaolima kando ya mto, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa wameona ni nini kilichobadilika na ni lini.